Filamu za Mahubiri

Kila mwaka, majira ya tamasha la michezo ya kuigiza na filamu yakaribiapo, sisi walimu wa shule za sekondari hushikwa na homa. Kamera hutolewa kabatini, sare hupigwa pasi, na wanafunzi wenye sauti kubwa hukusanywa chini ya miti baada ya vipindi. Majuma matatu yakipita filamu huwa tayari. Nimezitazama filamu hizo kwa miaka mingi, na baadhi yake nimezisimamia mwenyewe; kwa hiyo nasema kama mtu wa nyumbani wala si kama mpita njia. Nyingi kati yazo ni maiti iliyovikwa nguo za harusi.

Wewe pia wazijua. Kijana mwema anatoka kijijini, anakuja mjini Thika. Katika kituo cha matatu anakutana na rafiki mbaya. Rafiki anampa bangi, bangi inampeleka kwenye wizi, wizi unampeleka kwa polisi. Mama analia. Mwishoni anatokea mzee mmoja, pengine chifu, pengine mchungaji, mara nyingi mwalimu mkuu. Anasimama katikati ya picha, anatukazia macho, anatusomea funzo ambalo tulikuwa tumekwisha kulijua tangu dakika ya kwanza. Ukumbi unapiga makofi. Waamuzi wanaandika alama. Na katika watu wote waliohusika, tangu aliyetunga hata aliyetazama, hakuna mmoja anayeondoka na jambo asilokuwa nalo alipoingia.

Shauri langu ni hili, nami nitalitetea kadiri niwezavyo: filamu ya maana haitengenezwi na mtu mwenye jibu mkononi. Hutengenezwa na mtu aliyekamatwa na jambo hata akakosa usingizi kwa ajili yake, akachukua kamera aende akalitazame. Hisia yake ndiyo taa aiendayo nayo gizani, na hatari ndiyo nauli ya safari. Asiyetaka kulipa nauli hiyo na aandike tangazo. Matangazo nayo yana kazi yake.

Si haki nihukumu wengine kabla ya kujihukumu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, nikifundisha katika shule moja ya kutwa upande wa Ruiru. Sehemu ile, kama umepata kupita kati ya Ruiru, Juja na Thika, ni nchi ya mawe. Nyumba nyingi unazoziona kando ya barabara kuu zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa papo hapo ardhini, na mawe yakiisha, timbo huachwa wazi. Mvua za masika hulijaza maji. Maji hayo huwa ya kijani, matulivu, yasiyoonyesha kina chake. Na watoto ambao bahari wameisoma katika jiografia tu huenda kuogelea humo. Muhula wa pili mwaka ule, mvulana mmoja wa kidato cha pili alizama siku ya Jumamosi. Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu, na hakuna mwanafunzi aliyekubali kukiondoa.

Klabu ya filamu ikaja kwangu. Walitaka kutengeneza filamu juu ya mwenzao, nami nikafurahi, kwani nilikwisha kuona funzo: usiogelee timboni. Nikaanza kuandika mchezo usiku ule ule. Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, ambaye kwao na kwao marehemu walipakana ua. Alinifuata baada ya kipindi akaniambia, “Mwalimu, kila Jumapili mama yake bado hulifua shati lake la shule.” Nikamwuliza ataka tufanye nini na shati hilo. Alitaka picha moja tu: shati likiwa kwenye kamba, likidondoka maji, kamera isisogee, asiseme mtu, hata tone la mwisho lianguke. Nikamwuliza, “Kisha?” Akanijibu, “Sijui, mwalimu. Ndiyo maana nataka tuipige.”

Alikwenda mwenyewe kumwomba ruhusa yule mama. Mama akakubali shati lipigwe picha, uso wake usipigwe. Walirudi na picha ya karibu dakika moja. Niliitazama katika chumba cha maabara, mlango umefungwa, nikajisikia vibaya kifuani, nami nikafanya lile ambalo watu waoga hufanya wanapojisikia vibaya kifuani: nikaikata. Nikajiambia watazamaji watachoka. Nikajiambia waamuzi watauliza funzo liko wapi. Mahali pake nikaweka mwalimu mkuu wa kuigiza, mwenye tai na miwani, akiyataja madhara ya matimbo moja, mbili, tatu.

Tulipewa cheti. Filamu ilipoonyeshwa shuleni, wavulana walicheka pale mlevi alipoanguka mtaroni, mahali nilipopatia kichekesho ili wasisinzie. Na Jumamosi iliyofuata waliokwenda timboni walikuwa wale wale. Yule msichana hakulalamika wala hakunung’unika. Aliacha klabu.

Angalia basi jinsi nilivyoshindwa mara mbili. Kama kazi ya sanaa, filamu yangu haikuwa na uhai. Lakini hata kama onyo, na onyo ndilo nililolipendelea nikalitolea kafara yote mengine, haikumzuia hata mtoto mmoja. Nimejiuliza mara nyingi kama dakika moja ya shati lile ingaliwazuia. Pengine isingaliwazuia. Lakini wangalijua, kwa muda wa dakika moja, ni kitu gani wanachokwenda kukichezea kamari. Na hilo orodha yangu ya madhara haikuweza kuwapa.

Ugonjwa huu wa mahubiri una asili yake, nayo si ya jana. Mnamo miaka ya 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palifanywa jaribio kubwa la kuwatengenezea Waafrika filamu za elimu, kwa fedha zilizotoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, kuweka akiba posta, na mambo kama hayo, zikatembezwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini ambazo leo ni Malawi na Zambia. Mwaka wa 1939 Waingereza wakaanzisha idara ya filamu kwa makoloni yao yote, na mkuu wake, William Sellers, alifundisha kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole, nyepesi, zisizo na ujanja wa kukatakata, maana akili yake haitaweza kufuata. Sisemi kwamba kila lililoonyeshwa lilikuwa ovu. Mtu aliyejifunza kujikinga na safura alipata faida ya kweli. Lakini chini ya filamu zile zote palikuwa na wazo moja: mtengenezaji ajua, mtazamaji hajui, mtengenezaji azungumza, mtazamaji atii.

Bendera ya Mwingereza ilishuka mwaka wa 1963. Wazo lile halikushuka nayo. Tulilirithi pamoja na lori, tukalipaka rangi mpya, na mahali pa yule “mwenyeji” asiyejua kitu tukamweka mwanafunzi. Kila ninapomwona mwalimu mkuu wa kuigiza akijitokeza mwishoni mwa filamu ya shule, mimi husikia injini ya lori lile ikiunguruma nje ya ukumbi.

Hapo najua utanikabili. Utasema, “Mwalimu, je, wataka filamu zisizo na maana? Nchi yetu ni maskini, vijana wanapotea, nawe wataka tutazame nguo zikikauka?” Swali hilo ni la haki, na wala halihitaji kujibiwa kwa nadharia. Tazama kazi ya mtu aliyekuwa na hasira kubwa kuliko yangu na yako. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mpakiaji wa meli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa vitabu, kisha akaona kwamba watu wake wengi hawawezi kuvisoma vitabu vyake. Akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa mtu mzima. Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kuhubiri, ni yeye.

Filamu yake Borom Sarret, ya mwaka wa 1963, ni fupi kuliko kipindi kimoja cha darasani. Ni siku moja ya mtu mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Anapakia abiria, wengine hawalipi. Mwimbaji mmoja anamsifia mababu zake, naye, kwa kulevywa na sifa, anampa pesa za chakula. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto wake mchanga, na mlangoni mwa makaburi baba huyo anakataliwa kwa kuwa karatasi zake hazikutimia. Anaingia katika sehemu ya matajiri ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anauchukua mkokoteni, na nishani ya vita ya maskini yule inakanyagwa chini ya kiatu. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anampa mtoto amshike, anamwahidi kwamba usiku ule watakula, naye anatoka nje. Filamu inakwisha.

Anakwenda wapi mwanamke yule? Sembène hasemi. Hakuna waziri anayetokea kutueleza madhara ya umaskini. Lakini mtu akiisha kuitazama filamu hiyo, hulala nayo, huamka nayo, na hujikuta akimtafuta mkosaji: ni mwimbaji? ni polisi? ni mume mwenyewe? ni wale waliochora mpaka kati ya mji na mji? Mafunzo yamo, tena mengi, ila mtazamaji ameachiwa kazi ya kuyachimba, na kwa sababu ameyachimba kwa mkono wake, yamekuwa mali yake.

Wala huna haja ya kwenda Dakar. Ile hadithi yetu ya kijana atokaye kijijini, ambayo nimeicheka hapo mwanzo, imekwisha kutengenezwa hapa kwetu na mtu aliyeiheshimu. Ni Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga. Kijana Mwas anataka kuwa mwigizaji. Anafika Nairobi, siku ya kwanza ananyang’anywa alivyo navyo, anaingia gerezani, anaingia katika genge. Mpaka hapo ni hadithi ile ile. Tofauti ni kwamba Gitonga anampenda kijana wake, na kwa kuwa anampenda hamdanganyi. Genge lina ucheshi, lina urafiki, lina chakula cha pamoja. Tunaelewa kwa nini mtu mpweke angekaa humo. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya mchezo jukwaani, usiku anaiba. Mwishoni tunamwona mbele ya watazamaji akiigiza, nasi peke yetu ndio tunaojua ametoka kuona nini. Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo. Mimi sijapata kuonyesha filamu ya shule kuhusu wizi ambayo wanafunzi waliijadili hata baada ya kengele. Juu ya Mwas nimewahi kuwasikia wakibishana njiani mpaka kituoni.

Sasa juu ya hisia, maana hapa ndipo tunapodanganyana zaidi. Walimu wengi watakuambia kwamba filamu zao zina hisia tele: mama analia, dada analia, kinanda kinalia kwa nyuma. Hayo ni machozi ya kitunguu. Kitunguu humliza kila mtu, naye aliyelia hasikitiki. Ukiona muziki umeanza kabla hujajua kwa nini uhuzunike, jua kwamba mtengenezaji hakuuamini uso wa mwigizaji wake, wala hakukuamini wewe.

Tazama Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka wa 2018. Msichana wa miaka tisa, Jo, ana ugonjwa usio na dawa. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitali amlete nyumbani, akae naye siku zilizobaki. Dada yake mkubwa anaanza kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu hizo, na hatimaye kijiji kizima kinaingia katika uongo huo, kinamtengenezea filamu yake mwenyewe. Jambo kama hili lingeweza kuwa gunia zima la vitunguu. Lakini mwongozaji amelitia vichekesho, amelitia fujo za wanakijiji wasiojua kuigiza, na katikati ameweka ugomvi wa kweli: je, mtoto anayekufa apewe ukweli au apewe mchezo? Mama ana haki. Dada ana haki. Nililia, nakiri, lakini nililia pale watu walipokuwa wakicheka. Hisia ya namna hiyo haiwezi kuagizwa. Humjia mtengenezaji aliyekwenda karibu na jambo, akakaa nalo.

Kukaa na jambo: hiyo ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo ambayo ratiba zetu za majuma matatu zinaiua. Sam Soko alianza kumpiga picha Boniface Mwangi, mpiga picha aliyeyaona machafuko ya 2007 na 2008 kwa macho yake akawa mwanaharakati, akikusudia filamu fupi tu. Kazi ikamchukua miaka. Katikati yake Mwangi akagombea ubunge wa Starehe katika uchaguzi wa 2017, akashindwa; vitisho vikaifikia nyumba yake; mkewe, Njeri, akaanza kuuliza swali ambalo hakuna aliyelipanga katika mswada: nchi na watoto, kipi kinatangulia? Kwa kufuata swali hilo, Soko akapata filamu nyingine kabisa, Softie, iliyotoka mwaka wa 2020. Laiti angaliing’ang’ania filamu aliyoikusudia, tungepata maandamano, moshi na hotuba, vitu ambavyo televisheni hutupa kila juma. Badala yake tumepata jikoni, na mume asiye na la kujibu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; wala hawakusema atakikuta kile alichokitarajia.

Nimefika kwenye neno ambalo vijana hulipenda kupita kiasi, nalo ni hatari. Niruhusu nikuonye kama mwalimu, ingawa nimelaani maonyo. Kuna vijana wanaoning’inia kwenye milango ya matatu katika barabara kuu ya Thika, mwenzao akiwapiga picha kwa simu, ili wapate kusifiwa mitandaoni. Hiyo haiitwi ushupavu wa sanaa. Kamera haijui, wala haijali, kama aliyeishika alisimama ukingoni mwa timbo. Watoto walioipiga picha ya shati hawakukaribia maji hata hatua mia moja, nao walijihatarisha kuliko mimi.

Hatari ya sanaa ni nyingine. Ni hatari ya kugongwa mlango wa mama aliyefiwa, na kukubali kama atakufukuza. Ni hatari ya kumtazama mtu uliyemchukia na kuona kwamba ana mama. Judy Kibinge aliiendea hatari hiyo katika Something Necessary ya mwaka wa 2013, miaka mitano tu baada ya machafuko ya uchaguzi. Upande mmoja yupo Anne, muuguzi aliyepoteza mume na nyumba. Upande wa pili yupo Joseph, kijana aliyekuwa miongoni mwa waliovamia. Filamu inawapa wote wawili muda wetu. Kumbuka kwamba mwaka huo huo wa 2013 nchi ilikuwa ikipiga kura tena, na watu wengi wenye busara walikuwa wakisema tusahau, tusonge mbele. Ni rahisi kutengeneza filamu ya amani yenye watoto wa makabila yote wakishikana mikono. Nimetengeneza moja.

Iko pia hatari ya sheria, nami sitakuficha. Mwaka wa 2018 filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyokuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku hapa nchini kwa kuwa ilisimulia mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba. Siitaji ili nikushawishi upande wowote. Nyumbani mna wazazi, na wewe una akili. Naitaja kwa ajili ya jambo moja dogo ambalo mwongozaji mwenyewe amelieleza: alitakiwa aubadili mwisho, uwe wa majuto. Waona? Hata huko juu, mbele ya bodi ya serikali, ugomvi ulikuwa juu ya yule mzee wa mwisho mwenye tai, aje au asije. Mwongozaji akakataa kumleta.

Wengine husingizia fedha. Satyajit Ray wa India alipokuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, iliyotoka mwaka wa 1955, kazi ilisimama mara kwa mara kwa kukosa fedha, ikachukua karibu miaka mitatu, na vito vya mkewe viliwekwa rehani. Wengi wa waigizaji wake hawakuwa na ujuzi wa filamu. Nawe una simu mfukoni inayopiga picha safi. Fedha si kisingizio chako. Kisingizio chako, kama kilivyokuwa changu, ni woga.

Kuna jambo moja zaidi linaloniuma, na ni la mji wetu wenyewe. Jina la Thika limekwisha kutembea duniani katika picha. Mwaka wa 1981 televisheni ya Uingereza ilionyesha mfululizo wa The Flame Trees of Thika, uliotokana na kitabu cha mwaka wa 1959 cha Elspeth Huxley, mtoto wa walowezi waliofika hapa kabla ya vita vya 1914. Ni kazi iliyotengenezwa kwa ustadi, sikatai, na mwandishi alikuwa na kila haki ya kuukumbuka utoto wake. Lakini katika utoto ule babu zetu ni watu wa pembeni: wanabeba mizigo, wanapika, wanakwenda. Kosa hilo si la Huxley peke yake. Zaidi ya miaka 40 imepita, na sisi tunaoishi kati ya mito ya Chania na Thika tumejibu kwa filamu ngapi? Tumejibu kwa kijana, bangi, na mwalimu mkuu.

Nami naishi hapa, na kila siku napita mambo ambayo siyaelewi. Kando ya Ruiru mibuni inang’olewa, ardhi inajengwa nyumba na maduka. Namjua mama mmoja mzee aliyechuma kahawa katika shamba moja tangu akiwa msichana. Sasa mahali pa shamba pana lango na askari, naye hupita nje ya lango hilo akienda kuuza mboga. Sijui anawaza nini apitapo. Nilimwuliza mara moja akacheka, akanipa sukuma wiki za bure. Yumo filamu katika kicheko kile, lakini mimi sikuipata, kwa maana nilikwenda na swali lililoandikwa tayari kwenye karatasi. Iko gari moshi la alfajiri kutoka Thika, lililojaa watu waliosinzia wakiwa wamesimama. Yako matimbo.

Ile picha ya shati sikuifuta. Imo katika mashine ya maabara hadi leo, na nilipohama shule nilibeba nakala. Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wa klabu yangu ya sasa, bila kuwaambia ni ya nani wala ni ya nini. Shati likadondoka maji, polepole, kisha polepole zaidi. Mvulana mmoja akasema kwa sauti ndogo, “Mwenyewe hayuko.” Hakuna aliyecheka. Tone la mwisho likaanguka, nao wakakaa kimya, wakingoja, nami sikusema neno. Kamera ya klabu imo katika kabati la pili, ufunguo wanao wenyewe.